Nilivyokiua kichaka nilichotaka kukiokoa

Kichaka changu cha mtandamboo nilikiua mwenyewe. Kilikuwa mahali panapojengwa ukuta, nikaona nikihamishe. Nikakichimba saa saba mchana, jua la utosi. Mizizi iliyonisumbua niliikata kwa sululu, udongo wote ukapukutika, miiba ikanichana mpaka kwenye kiwiko. Nikakipanda upande wa pili, nikakimwagia ndoo mbili. Siku ya nne majani yalikuwa yakisagika vidoleni.

Mizizi minene kazi yake kubwa ni kukishikilia kichaka. Maji yanavutwa na vijizizi vyembamba vya nchani, na hivyo ndivyo nilivyoviacha shimoni. Ilitakiwa miezi kadhaa kabla nikate duara kulizunguka shina kwa sepeto, vijizizi vipya viote karibu, kisha nikinyanyue na donge lake la udongo wakati mvua zimeshika.

Matawi yaliyovunjika siku ile sikuyatupa. Nilichagua yasiyo laini sana wala magumu kama kuni, nikapata vipandikizi 12 vya kama sentimita 15. Chini nilikata kwa kukingama, mkato wa kawaida, chini kidogo ya kifundo panapoota majani. Juu nikakata mshazari, maana niliwahi kupanda vipandikizi kichwa chini miguu juu na kuvisubiri vichipue! Utomvu mweupe nikauacha ukauke kwanza, nikapunguza majani, nikavichomeka kwenye viriba vyenye mchanga mwingi, kivulini, nikavifunika kwa nailoni.

Halafu kiherehere. Kila baada ya siku mbili navuta kimoja nione kama kimeshika. Kila nikivuta, nakata vijizizi ambavyo ndiyo kwanza vinachomoza. Vikapona 3 tu, vile vya nyuma ambavyo mkono ulikuwa haufiki vizuri.

Siku hizi nalalisha tawi. Kichaka cha pili kina tawi la chini linalogusa ardhi. Nililikwangua gome kwa chini, nikalifukia hapo penye kidonda, nikaweka jiwe juu na kuiacha ncha nje. Lilikuwa bado linanyonya kwa mama yake, kwa hiyo hata niliposahau kumwagilia halikunyauka. Baada ya miezi sita nikafukua kidogo pembeni: mizizi myeupe, imejaa. Nikakata, nikahamisha jioni na udongo wake.

Asubuhi hii nimekuta kichaka hicho kipya kina vitumba vya maua, na hakijafika hata gotini.