Kebo zibaki, fedha zake zirudi

Kazini kwetu, kwenye nyumba ya wazee hapa Kristiansand, kusini mwa Norwe, mazungumzo ya chai wakati wa baridi ni bei ya umeme. Bei za kesho zikitoka mchana, kila mtu anafungua simu kutafuta saa nafuu ya kufua nguo. Halafu atasema mmoja: kebo zikatwe! Anamaanisha zile za umeme zilizolazwa chini ya bahari kwenda Denmark, Uholanzi, Ujerumani na Uingereza. Zote zinaanzia kwenye kanda yetu ya kusini, NO2, maana Norwe imegawanywa kanda, kila moja na bei yake ya umeme.

Hasira yao naielewa. Tarehe 12 Desemba 2024 upepo ulitulia, jua hakuna, na jioni bei Ujerumani ikafika karibu euro 936 kwa megawati-saa, yaani uniti elfu moja. Kwetu uniti moja ilivuka krona 13 pamoja na kodi. Saa hiyohiyo wenzetu wa Tromsø, kaskazini mwa nchi hiihii, walikuwa wanalipa øre chache tu (øre mia ni krona moja). Nilizima hita ya sebuleni, tukajibana jikoni na watoto, na ugali tukausongea usiku bei iliposhuka.

Wengi wananiuliza inakuwaje, maana karibu umeme wote wa Norwe unatokana na maji. Soko la Ulaya hupanga mitambo kuanzia ya bei ya chini mpaka mahitaji yatosheke, na ule wa mwisho kuhitajika ndio unaoweka bei ya wote. Ujerumani, jioni isiyo na upepo, mara nyingi huo ni mtambo wa gesi. Mwenye bwawa huku naye anajua maji yake yana mnunuzi ng'ambo, kwa nini ayaachie kwa bei ya kutupa? Basi bei ya gesi inaingia hata kwenye nyumba isiyo na jiko la gesi. Agosti 2022, Urusi ilipokuwa imebana mabomba yake, gesi kwenye soko la TTF la Uholanzi ilivuka euro 300 kwa megawati-saa, na bili zetu zikapanda nayo.

Pamoja na hayo, kukata kebo sikubaliani nako. Kiangazi hichohicho cha 2022 mabwawa ya kusini yalipungua sana. Mimi nimekulia Iringa, Tanzania, na mwaka 2006 maji ya bwawa la Mtera yalipokwisha niliona mgao wa umeme unavyofanya: mashine za kusaga zimesimama, fundi wa kuchomelea amekaa nje ya kibanda chake anasubiri umeme urudi. Nchi inayotegemea mvua inahitaji jirani wa kununua umeme kwake. Upepo ukivuma Denmark, umeme wa huko unashuka bei, tunauvuta huku, na maji yetu yanabaki bwawani kwa ajili ya baridi.

Kinachoniuma ni fedha zinakokwenda. Serikali ndiyo mwenye Statkraft inayozalisha umeme na Statnett yenye gridi ya taifa, na ndiyo yenye hisa nyingi za Equinor, kampuni ya mafuta na gesi. Gesi ikipanda inapata, umeme ukipanda inapata. Kwa hiyo ruzuku ya bili za umeme iliyoanza Desemba 2021 mimi siiiti hisani, ni haki yetu. Tangu 1 Oktoba 2025 kaya inaweza pia kuchagua Norgespris, bei moja isiyofuata soko, øre 50 kwa uniti pamoja na kodi, mbali na gharama ya usafirishaji. Sisi tumeichukua, na watoto wamerudi sebuleni.

Ila hiyo ni ya majumbani na nyumba za mapumziko. Dada mmoja wa Bukavu ana saluni hapa mjini: vikaushia nywele, maji ya moto, taa mchana kutwa kwa sababu Desemba giza linaingia mapema. Analipa bei ya soko. Wateja wake wanakuja jioni wakitoka kazini, saa zilezile umeme unapopaa, na hawezi kuwaambia waje kusukwa usiku wa manane. Wala bei ya kusuka haiwezi kupanda kila upepo unapotulia Ujerumani.

Kebo mbili za kwanza za kwenda Denmark, Skagerrak 1 na 2, ni za miaka ya 1970 na zimechoka. Arbeiderpartiet, chama cha wafanyakazi kinachoongoza serikali, kilishasema hakitaki ziwekwe nyingine. Mimi ningeweka mpya, na kwenye faida ya umeme unaovuka bahari ningetenga fungu la biashara ndogo, kuanzia baridi hii.