Siku moja maishani mwangu: zamu ya kulichunga Jua

Saa 1 asubuhi nilipokea zamu. Mwenzangu wa usiku aliniachia mstari mmoja daftarini: kundi kubwa la madoa limefika katikati ya uso wa Jua, na sumaku zake zimechanganyika vibaya.

Saa 4 na dakika 12, mchoro wa eksirei kutoka GOES, setilaiti za Marekani zinazolitazama Jua, ulipanda kama ukuta: mmweko, yaani mlipuko wa ghafla wa mwanga. Ulivuka mstari wa daraja la X, la juu kabisa katika kupima mimweko, ambalo nguvu yake ni mara 10 ya daraja la M linalolifuata. Mwanga huo ulikuwa umesafiri dakika 8 tu, kwa hiyo hapakuwa na nafasi ya kutahadharisha mtu. Redio za masafa mafupi upande wa Dunia wenye mchana zilivurugika papo hapo. Simu zikaanza kulia: dhoruba itatufikia lini?

Swali hilo hunichosha, nakiri. Mmweko ni mnururisho, ilhali kinacholeta dhoruba ya sumaku ni wingu la plazma, yaani gesi yenye chaji ya umeme, lenye uzito wa mabilioni ya tani linalorushwa kutoka kwenye korona, angahewa ya nje ya Jua. Vyote viwili hutokana na nyuzi za sumaku zilizojisokota, zikakatika na kuungana upya, lakini kimoja si mzazi wa kingine. Oktoba 2014 kundi la madoa nambari 12192 lilitoa mimweko sita ya daraja la X pasipo kurusha wingu la maana, kwa sababu sumaku iliyotanda juu yake ililibana kama kifuniko.

Hadi saa 6 nilikodolea macho picha za koronagrafu, chombo kinachoziba Jua kwa kisahani ili korona ionekane. Tupu. Niliandika: mmweko, hakuna wingu.

Saa 9 alasiri utepe mweusi wa gesi, uliotulia kwa siku kadhaa mkabala na Dunia, uliinuka taratibu bila mchoro wa eksirei kutikisika. Muda si mrefu duara hafifu lilikizunguka kisahani chote: wingu lilikuwa linakuja kwetu. Kwa kasi ya kilomita 700 kwa sekunde, nilikadiria saa 60.

Saa 12 jioni nilituma ilani. Hakuna aliyepiga simu. Iwapo sumaku ya wingu hilo itaelekea kusini, na hivyo kuungana kwa urahisi na ya Dunia, tutajua litakapovipita vyombo vilivyo kilomita milioni 1.5 kutoka hapa, zikiwa zimebaki dakika 36 hivi.