Divai ya Kusubiria

“Inanyweka vizuri, lakini hii ni divai ya kunywa wakati tunaisubiri divai yenyewe.” Ndivyo alivyosema shemeji wa Dijon mezani petu Jumapili, akiwa ameshika glasi ya Morgon, divai nyekundu ya Beaujolais niliyoitunza kwa ajili yake, na kwa kuwa aliyasema kwa upole, sikupata pa kuanzia kumjibu. Mkataba wangu umeongezwa wiki hii na mdogo wetu ameanza shule, lakini kila ninapopanda metro nasikia sentensi ile ile.

Hukumu hiyo ni ya zamani. Mwaka 1395 Philippe le Hardi, mtawala wa Bourgogne, kwao na Dijon, aliamuru mizabibu ya gamay, zabibu inayotoa Morgon, ing’olewe ili kuilinda pinot, zabibu inayotukuzwa Bourgogne, akiieleza mizabibu ya gamay kuwa mibaya na isiyo na uaminifu. Gamay ikastawi kusini, kwenye vilima vya Beaujolais, ambako mwamba wa graniti uliomomonyoka unaipa kile ambacho ardhi ya chokaa ya Bourgogne haikuipa. Ningemweleza Shemeji kwamba zabibu hizi huchumwa kwa mkono kwa sababu vichala vinatakiwa kuingia tangini vikiwa vizima. Kwamba vya chini hupasuka kwa uzito wa vya juu, maji yake yakaanza kuchachuka kwa hamira iliyokuja na maganda, na hewa ya ukaa inayotoka humo hulijaza tangi, hata punje zilizo nzima zikaanza kuchachuka kwa ndani. Divai inayohitaji uangalizi wa namna hiyo usiku na mchana, anayeingojea nyingine anangojea nini?

Alhamisi nilifungua chupa nyingine ya mkulima yule yule, nikaipoza kidogo, nikainywa polepole na mume wangu. Ilikuwa na cheri zilizoiva, pilipili manga kwa mbali, na uchachu safi unaoamsha hamu ya chakula. Kufikia glasi ya pili sikuwa tena na kesi ya kushinda. Nilimwonea Shemeji huruma ya kweli, kwa kuwa hajawahi kusimama juu ya Côte du Py, kilima cha Morgon, wakati wa mavuno, na nimeazimia kumwalika twende pamoja Septemba.

Dada yangu wa Mwanza bado hapokei simu. Ujumbe wa Jumatatu umesomwa, wa jana haujasomwa, na mama anasema nisiulize.