Oili ya giaboksi na difu: anza na GL, namba baadaye

Ukiomba oili ya giaboksi kwenye duka la vipuri pale Unga Limited, Arusha, unaulizwa kwanza: "Namba ngapi, 90 au 140?" Kwa Subaru Impreza WRX au Mitsubishi Evolution inayokimbizwa, hilo la unene ni swali la pili. La kwanza ni GL-4 au GL-5, yaani daraja la oili ya gia, maana hapo ndipo unapojua oili ina dawa kiasi gani ya kulinda meno ya gia chini ya mzigo mkubwa.

GL-5 ina dawa ya salfa na fosforasi karibu mara mbili ya GL-4. Imetengenezwa kwa ajili ya gia za haipoidi, yaani pinioni na kraunwili ya difu. Meno ya gia hizo yanateleza yakiwa yamekandamizana, kiasi kwamba oili inakamuliwa yote, na kinachozuia chuma kisishikane na chuma ni utando mwembamba wa ile dawa. Sinkronaiza za shaba, zile pete zinazosawazisha kasi ya gia kabla haijaingia, zina haja nyingine kabisa: zinafanya kazi kwa msuguano. Oili ikiteleza mno zinachelewa kushika, gia ya pili inakwaruza ukibadilisha haraka, na giaboksi ikichemka sana salfa huanza kuila shaba.

Sasa Subaru. Difu ya mbele imo ndani ya giaboksi hiyohiyo, inaoga oili moja na gia. Ndiyo sababu giaboksi ya manyuo ya WRX inawekwa GL-5 ya 75W-90 (75W ni unene wa wakati wa baridi, 90 wa wakati wa moto). Wapo mafundi wanaoshauri GL-4 ili gia ziingie laini. Zitaingia laini kweli, huku pinioni ya mbele ikilika kimyakimya, na siku itakapoanza kulia umeshachelewa. Evolution ni kinyume chake: giaboksi yake inataka GL-4, lakini transfa, inayopeleka nguvu kwa magurudumu ya nyuma, na difu ya nyuma ni haipoidi, kwa hiyo ni GL-5. Transfa ile inabeba oili isiyofika lita moja, tena iko jirani na bomba la ekzosi. Ndiyo inayopika oili mapema kuliko zote, na ndiyo inayosahaulika.

Kuhusu namba: oili ya 90, ikiwa nyuzi 100, ina unene wa sentistoki 13.5 hadi 18.5, ya 140 ni 24 hadi 32.5. Usiilinganishe na namba za oili ya injini, kwani 90 ya gia inakaribiana na 40 au 50 ya injini. Kumwaga 140 kwenye giaboksi inayolia ni kuficha beringi iliyokwisha. Asubuhi ya Julai Arusha gia zinakuwa ngumu, oili nzito inachelewa kufika kwenye beringi, na kelele inarudi ikiwa kubwa zaidi. Kwenye difu ya nyuma peke yake, kwa gari la mashindano, 75W-110 ya sinthetiki naikubali.

Unapobadilisha, endesha kwanza dakika kama 15 oili ipate moto, kisha simamisha gari mahali tambarare. Legeza bolti ya kujazia kabla ya ile ya kumwagia; ukiishamwaga halafu ya juu ikagoma, gari halitoki hapo. Angalia sumaku ya bolti. Uji wa kijivu unaosagika laini kati ya vidole ni uchakavu wa kawaida. Vipande vinavyochoma kidole ni jino. Weka washa mpya ya bolti. WRX ya gia tano inachukua lita 3.5 hadi 4 kulingana na mwaka, WRX STI, toleo lenye nguvu zaidi, ya gia sita 4.1, na difu ya nyuma lita 0.8 hadi 1. Hiyo jaza mpaka oili ianze kuchuruzika kwenye tundu la kujazia.

Oili ikitoka kama chai ya maziwa, maji yameingia. Difu yenye moto ikizama kwenye korongo lililojaa, hewa ya ndani inasinyaa ghafla na kuvuta maji kupitia kipumulio au sili. Mwaga siku hiyohiyo na uzibue kipumulio, kwa sababu vumbi la huku linakiziba haraka.

Difu ya LSD, yaani inayozuia tairi moja lisizunguke bure, ikiwa na sahani za klachi inahitaji oili yenye dawa ya msuguano, ambayo kopo lake huandikwa LS. Ikikosa, inagongagonga ukikata kona taratibu, kama unapoegesha. Ikizidi, sahani hazishiki na tairi moja inazunguka bure kwenye changarawe. LSD ya Torsen, inayotumia gia, haina sahani hizo, kwa hiyo haiihitaji. Baada ya kuijaza oili ile ya sahani, tafuta uwanja wazi, chora namba nane polepole mara kumi hivi ili oili ipenye kati ya sahani zote, kisha sikiliza tena.