Methodi ya statiki haiangalii objekti

Vijana ninaowafundisha lugha ya programu ya Java hapa Ntinda, Kampala, wanaandika programu ya SACCO (chama cha kuweka na kukopa) ya bodaboda, na juzi walibishana mpaka chai ikapoa. Klasi ya Akaunti ina methodi ya statiki (iliyo mali ya klasi yenyewe, si ya objekti moja moja inayoundwa kutoka kwake), riba(), inayorudisha 5. AkauntiYaAkiba, inayorithi kutoka kwake, ina riba() yake inayorudisha 8. Wakaandika hivi, wakabishania kama watapata 5 au 8:

Akaunti a = new AkauntiYaAkiba();
a.riba();

Jibu ni 5. Kompaila, programu inayotafsiri msimbo, inatazama aina iliyotangazwa, Akaunti, basi. Objekti yenyewe haiulizwi kitu. Hata ukiweka a = null, yaani hakuna objekti kabisa, bado unapata 5 bila kosa lolote! Ondoa neno static (linaloifanya methodi iwe ya statiki) kwenye klasi zote mbili, utapata 8, na kwa null programu itaanguka palepale.

Mimi nasisitiza uandike Akaunti.riba(), jina la klasi waziwazi, ili anayesoma asidanganyike. Lugha ya C# inakulazimisha kufanya hivyo, na naipenda kwa hilo. Lugha ya PHP tangu toleo la 5.3, mwaka 2009, ina njia mbili: self:: hubaki kwenye klasi ilimoandikwa, static:: hufuata klasi iliyoitwa.

Riba ya SACCO ile inatofautiana akaunti kwa akaunti, kwa hiyo nimewaambia waiondoe static.