Yogati yangu ilikataa kuganda: kilichosaidia hatimaye

Kwa wiki tatu nilikuwa nikipata maziwa machachu tu, mepesi, yenye mabonge machache chini. Leo asubuhi nimeinamisha mtungi na yogati haikuteleza! Naandika upesi ili mwingine asimwage maziwa kama nilivyomwaga mimi.

Nilianza kwa kuzidisha kianzio, yaani ile yogati kidogo yenye bakteria hai inayotiwa kwenye maziwa ili yagande. Ikazidi uchachu, uzito hakuna. Nikaiacha kwa saa 12, ikajitenga. Nikabadilisha maziwa, bado.

Kumbe tatizo lilitangulia kianzio. Nilikuwa nazima moto mara tu mvuke unapoonekana. Safari hii niliyapasha maziwa hadi nyuzi 85 za Selsiasi, nikapunguza moto na kuyashikilia hapo hapo kwa dakika 20, nikikoroga taratibu yasishike chini. Dakika hizo ndizo zilizoleta tofauti: protini ambazo kwa kawaida hubaki kwenye maji ya maziwa hubadilika kwa joto, zikashikamana na zile zinazoganda, na maji hayatoki ovyo. Kama huna kipimajoto, tazama povu dogo pembeni mwa sufuria na uso unaotetemeka bila kuchemka.

Nikayaacha yapoe hadi nyuzi 43, maana yakiwa ya moto sana bakteria hufa. Vijiko viwili vya yogati isiyo na sukari, yenye bakteria hai, nikavilainisha kwanza kwa maziwa kidogo ya vuguvugu, nikamimina, nikafunika na kuviringisha mtungi kwa taulo nene. Saa 7 bila kuugusa, hata kuchungulia. Kisha friji, usiku kucha.