Maandishi ya Ukingoni mwa Daftari

Juzi binti yangu alipewa kazi ya shule ya kuchora mti wa ukoo, akaniuliza kwa nini yule babu wa reli hana kaburi katika boma letu la Butere. Nilimjibu kwamba alizikwa katika makaburi ya Lang'ata, Nairobi, kisha nikashindwa kuendelea na shughuli niliyokuwa nayo.

Baba alinipeleka Lang'ata mwaka 1987, mwaka ambao Kenya nzima ilikuwa ikibishana juu ya mwili wa wakili S. M. Otieno, ambaye mjane wake alitaka azikwe karibu na Nairobi na ukoo wake ukataka arudishwe Nyalgunga, Siaya, alikozikwa hatimaye mwezi Mei baada ya uamuzi wa mahakama. Kesi ile ilimkaa Baba moyoni. Kaka yake alifariki Nairobi mwaka 1961 akiwa mfanyakazi wa reli, reli ile ile inayofika hadi Butere, lakini mwili wake haukupandishwa gari moshi, na barua ya msiba ilifika nyumbani mazishi yakiwa yamekwisha. Miaka yote hiyo ukoo uliamini kwamba alizikwa na vibarua wa jiji, bila mtu wa kumlilia.

Karani aliyetupokea alikuwa mtu mzima, mpole, asiye na haraka. Alimuuliza Baba mwaka, mwezi, na dini ya marehemu, akatoa daftari pana lenye jalada gumu, akalifungua kwa mikono miwili ili karatasi zisichanike. Aliweka rula chini ya mstari wa kwanza na kuishusha polepole, mstari baada ya mstari, huku akisoma majina kwa sauti ya chini: watoto wachanga wengi kuliko nilivyotarajia, wazee, watu walioandikwa jina moja tu. Baba alikuwa amevua kofia tangu mlangoni. Rula iliposimama, karani akasema, "Huyu hapa, mzee. Pole sana."

Jina, umri wa kukadiria, tarehe, na namba ya kaburi vilikuwa katika safu zake. Lakini ukingoni, kwa wino mwingine, mtu fulani alikuwa ameongeza maneno machache ya Kiingereza cha ofisi: jina la mwanamke wa Muthurwa, mtaa wa nyumba za reli jijini, kwamba ndiye aliyesimamia mazishi, na kwamba anaomba kujulishwa iwapo ndugu watakuja. Baba aliomba asomewe tena. Kisha akatoa bahasha mfukoni, akanakili maneno yale nyuma yake, herufi kwa herufi, na sijapata kumwona akiandika kwa uangalifu namna ile.

Kaburi lenyewe lilikuwa katika sehemu ya makaburi ya muda, ambayo hutumika tena baada ya miaka, kwa hiyo tulisali penye nyasi na kuondoka. Muthurwa tulikwenda siku ile ile. Nyumba za reli zilikuwa na wapangaji wengine, na hakuna aliyemkumbuka mwanamke huyo.

Shangazi alishikilia kwamba alikuwa mke ambaye ukoo haukumjua, na kwamba tulipaswa kumtafuta zaidi. Baba aliamini alikuwa jirani mwema tu. Mimi huelekea upande wa Shangazi, ingawa ushahidi wangu ni yale maneno ya ukingoni peke yake.

Makaburi ya Lang'ata yalifunguliwa mwaka 1958, na mwaka 1996 yakatangazwa kuwa yamejaa, ingawa mazishi hayajakoma hadi leo. Pale ambapo kaburi hutumika tena, daftari ndilo linalobaki kushuhudia kwamba mtu fulani alilazwa hapo. Natamani kwa moyo wangu wote madaftari ya aina hii yahifadhiwe kwenye kompyuta kabla karatasi hazijaoza, lakini yapigwe picha ukurasa mzima, pamoja na kingo zake. Anayenakili jina, tarehe na namba pekee angemwacha nje yule mwanamke wa Muthurwa.